Joseph Whitworth: Fundi aliyemaliza vurugu ya bolti

Kijana anayechora mashine kwenye kompyuta leo hapati shida na bolti. Akitaka tundu la M6 anachagua kwenye orodha tu. Kama tundu litakatwa nyuzi, yaani yale meno yanayoshika bolti, programu inampa milimita 5. Kama bolti inatakiwa ipite bila kushika, inampa milimita 6.6. Kazi imeisha.

Miaka 200 iliyopita orodha kama hiyo haikuwepo. Aliyeanza kuitengeneza ni fundi mmoja Mwingereza, Joseph Whitworth.

Alizaliwa Desemba 21, 1803, katika mji wa Stockport. Alipokuwa na miaka 10 hivi mama yake alifariki, familia ikatawanyika. Akiwa na miaka 14 alipelekwa kwa mjomba wake mwenye kiwanda cha kusokota pamba, ili ajifunze biashara. Biashara haikumwingia kichwani. Yeye alipenda mashine.

Basi akaondoka, akaenda Manchester kufanya kazi kama fundi wa kawaida. Mwaka 1825 alihamia London na kuingia karakana ya Henry Maudslay, mmoja wa mafundi wakubwa kabisa wa enzi hizo. Hapo ndipo alipojifunza kwamba kupima vizuri ni nusu ya kazi.

Mwaka 1833 alirudi Manchester na kufungua karakana yake mwenyewe.

Kila karakana na bolti yake

Wakati huo kila karakana ilikata nyuzi inavyotaka. Bolti ya huku haikuingia kwenye nati ya kule, hata kama unene ni ule ule. Nati ikipotea, mashine inasimama mpaka fundi aliyeitengeneza akate nyingine. Reli zilikuwa zinajengwa kwa kasi Uingereza, na hasara ilikuwa kubwa.

Whitworth hakukaa mezani kubuni kipimo kipya kutoka kichwani. Alikusanya bolti kutoka karakana nyingi, akazipima, akatafuta wastani. Mwaka 1841 aliwasilisha mapendekezo yake mbele ya taasisi ya wahandisi: pembe ya nyuzi iwe digrii 55, na kila unene uwe na idadi yake ya nyuzi. Bolti ya robo inchi nyuzi 20 kwa inchi, ya nusu inchi 12, ya inchi moja 8.

Kwa kuwa kipimo kilitokana na bolti zao wenyewe, mafundi wengi hawakuona kama wamelazimishwa. Kampuni za reli zilikipokea, na baadaye karibu Uingereza nzima.

Faida yake ilionekana wazi katika Vita vya Crimea, miaka ya 1850. Jeshi la majini lilihitaji injini za makumi ya boti za mizinga kwa haraka. Vipuri viligawanywa kwa karakana tofauti, kisha vikaungwa pamoja. Bila nyuzi za aina moja, mpango huo ungekwama.

Bunduki iliyokataliwa

Serikali ikamwomba aboreshe bunduki. Aliyoitengeneza ilipiga kwa usahihi kuliko Enfield, bunduki ya jeshi wakati huo. Lakini ilikuwa ghali na mtutu wake ulichafuka haraka, jeshi likaikataa. Iliishia mikononi mwa walenga shabaha wa majimbo ya kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani.

Hata kipimo chake cha bolti kilipata mpinzani. Mwaka 1864, Mmarekani William Sellers alipendekeza digrii 60 na nyuzi zenye ncha bapa badala ya mviringo, kwa sababu ni rahisi kuzikata. Tofauti hiyo iliwatesa washirika hao katika Vita vya Pili vya Dunia: vipuri vya Marekani na vya Uingereza havikuingiliana. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Canada zilikubaliana kutumia digrii 60, na bolti za M tunazotumia leo zina pembe hiyo hiyo.

Whitworth hakuishi kuyaona hayo. Alifariki Januari 22, 1887, huko Monte Carlo, akiwa tajiri na mwenye cheo. Mwaka 1868 alikuwa ameanzisha ufadhili wa masomo kwa vijana wahandisi, wa pauni 3,000 kwa mwaka. Sharti lilikuwa kijana ajue nadharia na pia aweze kushika zana. Ufadhili huo upo mpaka leo.

Na digrii zake 55 hazijafa. Fundi bomba anapofunga koki ya nusu inchi, Dar es Salaam au Nairobi, nyuzi anazozungushia tepu nyeupe kwa kawaida bado ni za Whitworth.