Henry Perry: Mchoma nyama aliyeasisi sifa za Kansas City

WASHINDANI wa uchomaji nyama nchini Marekani hutumia fedha nyingi kutafuta tanuri bora la moshi. Wapo wanaopenda tanuri la chuma lenye chumba cha moto ubavuni, wapo wanaochagua pipa la wima, na wapo wanaonunua mtambo unaojitilia wenyewe vipande vya mbao iliyosagwa na kushindiliwa.

Hata hivyo, mtu aliyeuwekea mji wa Kansas City, jimboni Missouri, msingi wa sifa zake katika mapishi hayo hakuwa na mtambo wowote wa aina hiyo. Henry Perry alikuwa na shimo, kuni na subira.

Perry, Mmarekani mweusi, alizaliwa katikati ya miaka ya 1870 karibu na mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, miaka michache tu baada ya utumwa kupigwa marufuku. Angali kijana, alifanya kazi katika jikoni za meli zilizosafiri katika mito ya Mississippi na Missouri. Mnamo 1907 alihamia Kansas City na kuajiriwa katika baa.

Mwaka uliofuata alianza kuuza nyama iliyobanikwa kwa moshi katika kichochoro cha mtaa wa viwanda vya nguo, katikati ya mji. Wateja wake wa kwanza walikuwa vibarua. Kwa senti 25, mtu alipata nyama moto iliyofungwa katika karatasi ya gazeti. Mbali na nyama ya ng'ombe, Perry aliuza pia wanyama wa mwituni kama vile rakuni na oposumu.

Biashara iliponoga alihamia mashariki mwa mji, katika mtaa wa watu weusi uliokuja kuvuma kwa muziki wa jazi. Humo aliendesha shughuli zake katika banda kuukuu la tramu. Mchuzi wake ulikuwa wa pilipili kali, nao haukumbembeleza mlaji. Licha ya ubaguzi wa rangi uliotawala enzi hizo, weusi kwa weupe walifika kununua nyama yake.

Siri ya Perry ilikuwa moto. Alitumia kuni za mwaloni na hikori, miti migumu iwakayo polepole na kutoa makaa ya kudumu. Nyama haikuunguzwa kwa ndimi za moto bali iliiva kwa joto la wastani na moshi, kwa saa nyingi.

Mapishi hayo yaliufaa sana mji uliokuwa na mojawapo ya masoko makubwa zaidi ya mifugo nchini humo, ambako nyama isiyopendwa na matajiri ilipatikana kwa bei nafuu. Kidari cha ng'ombe, kwa mfano, ni nyama yenye nyuzi ngumu. Kikipelekwa mbio juu ya moto mkali hukauka na kutafunika kwa shida. Kikiachwa katika joto la chini, nyuzi hizo huyeyuka taratibu na nyama ikalainika.

Ndiyo maana mshindani wa leo anayechagua tanuri hana budi kuuliza maswali ambayo shimo la Perry liliyauliza kabla yake: je, joto litadumu bila kupanda na kushuka? Hewa itapita vipi ili moshi uwe safi, usiiachie nyama uchungu? Na je, mpishi anaweza kukesha nalo usiku kucha bila kuvurugikiwa? Tanuri la bei ghali lisilojibu maswali hayo ni pambo tu.

Perry alifariki mwaka wa 1940. Charlie Bryant, aliyekuwa mfanyakazi wake, aliirithi biashara, na mwaka wa 1946 ikaangukia mikononi mwa nduguye, Arthur Bryant. Arthur alipunguza ukali wa mchuzi, na mkahawa wake ukapata umaarufu nchini kote. Mwaka uo huo, familia ya Gates ilianzisha biashara yake ikiwa na Arthur Pinkard, mpishi mwingine aliyefunzwa na Perry.

Hivyo basi, majina ya Bryant na Gates yakawa midomoni mwa watu ilhali la mwalimu wao likafifia.

Mwaka 1980 shindano kubwa la American Royal lilianzishwa katika mji huo. Aidha, chama cha wachomaji nyama cha Kansas City kimeweka kanuni zinazofuatwa katika mashindano mengi: majaji hupima sura, ladha na ulaini wa nyama, na moto sharti utokane na kuni, makaa au vipande vya mbao. Gesi hairuhusiwi kuivisha nyama.

Mnamo 2014 mji ulitangaza Julai 3 kuwa Siku ya Henry Perry. Heshima hiyo ilikuja miaka 74 baada ya kifo chake. Lakini katika kila shindano ambapo wapishi hukesha wakichochea kuni, kazi yake ingali inaendelea. Ukiona vyaelea, vimeundwa.