András Pető: daktari wa Budapest aliyefuatwa na wazazi wa Birmingham

BIRMINGHAM, Uingereza – Wasomaji wetu wenye watoto wa mtindio wa ubongo katika jiji hili huenda wamekwishasikia jina la Pető likitajwa na wazazi wenzao. Ni vyema wakamfahamu alikuwa nani, maana mengi yanayosemwa juu yake yametiwa chumvi.

András Pető alizaliwa mwaka 1893 mjini Szombathely, magharibi mwa Hungaria. Alisomea udaktari Vienna na kufanya kazi Austria kwa miaka mingi. Mwaka 1938 Wanazi walipoitwaa nchi hiyo, yeye akiwa Myahudi, aliondoka. Aliokoka vita akiwa Budapest, na mwaka 1945 akaanza kazi na kikundi kidogo cha watoto ambao wengine walikwishawakatia tamaa. Mwaka 1950 serikali ikampa taasisi.

Kwa Pető, mtoto wa namna hii hakuwa mgonjwa wa kutibiwa bali mwanafunzi. Hivyo badala ya nusu saa ya kunyooshwa viungo, watoto walijifunza kwa kundi, siku nzima: kuketi, kuvaa soksi, kushika kijiko, kwenda chooni. Vitanda vilikuwa vya mbao zenye nafasi za kushikilia, viti vina ngazi mgongoni, na kila tendo lilisindikizwa kwa kuhesabu au kuimba. Kazi ya wataalamu wengi ilifanywa na mtu mmoja aliyeitwa kondakta (si huyu wetu wa daladala au matatu).

Lakini tuseme ukweli. Taasisi yake ilichagua watoto wa kuwapokea, na wengi waliishi humo bwenini, mbali na mama zao. Enzi hizo mtoto asiyeweza kutembea alikuwa hapati nafasi katika shule za kawaida za Hungaria, kwa hiyo kutembea kukawa kila kitu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo penye kasoro yake kubwa.

Pető alifariki Septemba 1967. Kazi ikashikwa na mwanafunzi wake, Dk. Mária Hári.

Mwaka 1986 BBC ilionyesha filamu kuhusu familia moja ya Kiingereza iliyompeleka mtoto Budapest. Wazazi wakaamka. Walichangishana kama sisi tunavyochangiana harusi, wakapanda ndege. Mwaka huo huo shirika la kuileta elimu hiyo likaundwa Birmingham, na mwaka 1987 taasisi ikafunguliwa, ikiwa na makondakta kutoka Hungaria.

Utafiti uliogharamiwa na serikali, uliotolewa 1993, ulilinganisha watoto wa Birmingham na wa shule maalumu za eneo la Manchester. Wa Birmingham hawakuonekana kuwazidi wenzao. Waliotarajia miujiza walinywea.

Hata hivyo, Birmingham paliendelezwa jambo ambalo bweni la Budapest lisingeweza kulitoa: makundi ambamo mama au baba huingia pamoja na mtoto mchanga, akajifunza kumbeba, kumlisha na kumvisha bila kumfanyia kila kitu. Kwa mama wa Tandale au Kibera, anayepanda magari mawili kumfikisha mtoto kliniki kwa mazoezi ya dakika chache, sehemu hiyo ndiyo inayoweza kurudi naye nyumbani, na haihitaji kitanda cha kutoka Hungaria.