Luigi Durand de la Penne: Mpiga mbizi nyuma ya saa zinazosakwa na matajiri

Agosti 13, 1914, mizinga ilisikika Liuli, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma. Meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha Mjerumani hakuwa hata na habari kwamba vita vimeanza. Akakamatwa.

Siku hiyo, Luigi Durand de la Penne alikuwa mtoto wa miezi 6 tu huko Genoa, Italia. Miaka 27 baadaye naye aliivizia meli ya kivita ikiwa imetulia bandarini, tena akitokea chini ya maji. Ni kwa sababu ya watu kama yeye kwamba saa fulani za zamani za Italia leo zinauzwa kwa bei ya kutisha.

Saa ya kuona gizani

Mvuvi wa Mbamba Bay anayetoka usiku na taa kutafuta dagaa anajua giza la maji lilivyo. Sasa fikiria uko chini ya maji hayo, huna taa, na lazima ujue zimebaki dakika ngapi.

Kazi hiyo ilipewa duka la saa la familia ya Panerai, mjini Florence, lililoanza mwaka 1860. Walikuwa na unga unaong'aa wenye madini ya radiamu, wakauita Radiomir. Mwaka 1936 walipeleka saa za majaribio kwa jeshi la majini la Italia. Mashine na makasha yalitoka Rolex, Uswisi. Saa ilikuwa kubwa, na mkanda wake mrefu ili uvaliwe juu ya nguo ya kuzamia.

Hazikuuzwa madukani. Zilitengenezwa kwa ajili ya wanajeshi, kwa idadi ndogo. Ndiyo maana leo ni adimu.

Usiku wa Alexandria

Usiku wa kuamkia Desemba 19, 1941, nyambizi Scirè iliwashusha wanaume 6 nje ya bandari ya Alexandria, Misri. Walipanda vyombo 3 vya chini ya maji, wawili wawili, kila chombo kikiwa na bomu mbele.

Durand de la Penne na mwenzake Emilio Bianchi walipangiwa manowari ya Uingereza, Valiant. Mambo yakaharibika. Chombo kilizama hadi chini, Bianchi akaishiwa pumzi na kuibuka juu. Durand de la Penne akabaki peke yake, akilikokota bomu kwenye tope hadi likafika chini ya meli.

Alipoibuka, wote wawili walikamatwa. Waligoma kusema bomu liko wapi, wakafungiwa chini kabisa ndani ya meli hiyohiyo. Kumbe bomu lenyewe halikuwa mbali na pale walipo.

Dakika chache kabla ya mlipuko aliomba kumwona nahodha, Charles Morgan. Akamweleza kwamba meli italipuka, awaokoe mabaharia wake. Mahali pa bomu bado hakupataja. Akarudishwa kulekule chini.

Saa 12 na dakika kadhaa asubuhi, likalipuka. Waitaliano wale wawili walitoka hai. Valiant na manowari nyingine, Queen Elizabeth, ziliharibiwa vibaya.

Upande wa pili wa hadithi

Hapa ndipo wakusanyaji wengi husimulia nusu. Italia hiyo ilikuwa ya Mussolini, iliyoivamia Ethiopia mwaka 1935. Na mwaka huohuo wa 1941, askari wa Tanganyika katika jeshi la King's African Rifles walikuwa wakipigana na Waitaliano huko Ethiopia. Kwa babu zetu, Mwitaliano alikuwa adui.

Italia iliposalimu amri mwaka 1943, Durand de la Penne alihamia upande wa Waingereza na wenzao. Machi 1945 alitunukiwa medali ya dhahabu ya ushujaa. Aliyemvalisha ni Morgan, nahodha yuleyule aliyelipuliwa meli yake.

Baadaye akawa mbunge wa Italia kwa miaka mingi. Alifariki Genoa, Januari 1992. Mwaka 1993 Italia iliingiza kazini manowari yenye jina lake. Mwaka huohuo Panerai walianza kuwauzia raia wa kawaida saa zao. Kilichokuwa kifaa cha vita kikawa pambo, na zile za zamani zikaanza kupanda bei.

Mwanga umekufa, sumu ipo

Saa nyingi za enzi hizo haziwaki tena. Unga wa kung'aa umechoka, lakini radiamu bado imo. Inachukua takriban miaka 1,600 nguvu yake kupungua kwa nusu.

Kwa hiyo kama kwenye sanduku la babu kuna saa ya zamani iliyokuwa ikiwaka gizani, iwe ya kampuni yoyote, usifungue kioo wala kukwangua namba. Vumbi lake likiingia mwilini ni hatari. Iache ilivyo, halafu uliza wazee ilifikaje nyumbani.