Mekatilili alifungwa huku kwetu, akarudi Pwani kwa miguu

Ukipanda matatu Migori kwenda Nairobi, lazima upite Kisii. Ukitoka Homa Bay, upitie Rongo ama Oyugis, bado utajipata pale pale. Wengi wetu tunaujua mji huo kwa ndizi za dirishani na makanga wa kupiga kelele. Lakini mwaka wa 1913 serikali ya mkoloni ilimleta hapo mama mmoja kutoka Pwani, ikitumaini kwamba watu wake watamsahau.

Jina lake unalijua. Ulilisoma shuleni, na kama ulikuwa mtandaoni Agosti 9, 2020, uliona Google wamemchora kwenye ukurasa wao. Mekatilili wa Menza. Shida ni kwamba tunamsimulia kama mtu wa Kilifi na Malindi tu. Kile kipande cha maisha yake kilichopita huku Nyanza Kusini tunakiruka, na mimi naona ndicho kipande chenye maana zaidi kwa kijana wa leo.

Tuanze mwanzo. Alizaliwa akaitwa Mnyazi, binti Mgiriama, katika karne ya 19. Alikuwa msichana pekee kati ya ndugu zake. Wazee wanasimulia kwamba kaka yake mmoja, Mwarandu, alinyakuliwa na wafanyabiashara wa watumwa na hakurudi tena. Aliolewa, akazaa, na kwa mila ya Wagiriama akaitwa kwa jina la mtoto wake: Me Katilili, yaani mama yake Katilili. Mumewe alifariki akamwacha mjane. Kwa hivyo hapa hatuongei kuhusu chifu, wala mtu aliyesoma. Ni mama wa kijijini, mtu mzima, asiye na cheo.

Sasa Waingereza wakaja na mahitaji yao. Walitaka kodi ya nyumba, na ilipwe kwa rupia. Walitaka vijana waende kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu. Walitaka pia Wagiriama wahame kutoka kaskazini mwa mto Sabaki, mahali penye rutuba. Mwaka wa 1912 wakamweka ofisa mmoja kijana, Arthur Champion, ahakikishe hayo yote yanafanyika.

Mekatilili akazunguka kijiji hadi kijiji. Hakuwa na gazeti wala redio, lakini alikuwa na kifudu, ngoma ambayo wanawake huicheza kwenye matanga. Akiicheza watu wanajaa, na wakishajaa anaongea nao: kwa nini mtoto wako aende kumlimia mtu mwingine? Katikati ya mwaka wa 1913 watu walikusanyika Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, wakala kiapo. Wanawake walikula mukushekushe, wanaume wakala kiapo cha fisi. Kuanzia hapo, aliyeshirikiana na mzungu alijua amevunja nini.

Ile hadithi ya kuku nayo umeisikia. Inasimuliwa kwamba kwenye baraza la Champion, Agosti 1913, mama huyu alifika na kuku mwenye vifaranga, akamwambia ofisa ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Kuku akamdonoa. Hapo kila mzazi alielewa bila kutafsiriwa.

Oktoba 1913 akakamatwa pamoja na mzee aliyekuwa mwenzake kwenye mapambano, Wanje wa Mwadorikola. Hukumu ikawa miaka 5 uhamishoni. Wapi? Kisii.

Hebu nikueleze Kisii ya wakati huo ilikuwa nini. Homa Bay na Migori hazikuwa kaunti. Sote tulikuwa wilaya moja kubwa, Kavirondo Kusini. Boma ya kwanza ya Waingereza ilikuwa Karungu, kule Nyatike kando ya ziwa, halafu mwaka wa 1907 ikahamishiwa Kisii. Mjaluo wa Kanyada, Mkuria, Mgusii, wote walikuwa wanatawaliwa kutoka pale. Na wilaya yenyewe haikuwa imetulia. Januari 1908, Otenyo Nyamaterere alikuwa amemchoma ofisa Northcote kwa mkuki, baada ya kuchochewa na mama mwingine, Moraa. Kwa hivyo mkoloni alimtoa mama msumbufu Pwani, akamleta mahali ambapo mama mwingine alikuwa amemsumbua miaka michache tu kabla.

Kwa nini ampeleke mbali hivyo? Kwa sababu gereza si kuta peke yake. Ukimfunga mtu karibu na kwao, ndugu watamletea chakula, habari zitatoka, na watu watajazana nje. Ukimpeleka mahali asipojua lugha ya mtu yeyote, umbali wenyewe unakuwa mlinzi. Haulali, na haulipwi mshahara.

Waingereza hawakuwa peke yao kwa mchezo huo wa kufunga watu wanaodai kwao. Kule Seoul, Korea, gereza la Seodaemun lilifunguliwa mwaka wa 1908, na Wajapani walipoitawala nchi hiyo walilijaza wapigania uhuru. Msichana mmoja, Yu Gwan-sun, alifungwa humo baada ya maandamano ya 1919, na Septemba 1920 akafia humo akiwa na miaka 17. Leo gereza hilo ni makumbusho. Vijana wa huko huingia wakaona vyumba vyenyewe. Hapa Kenya tunayo Kapenguria, ambapo unaweza kuingia kwenye seli za kina Kenyatta.

Lakini Mekatilili hakukaa mpaka kifungo kiishe. Januari 14, 1914, yeye na Wanje walitoroka. Fungua ramani kwenye simu yako, piga mstari ulionyooka kutoka Kisii mpaka Kilifi. Ni zaidi ya kilomita 600, na hakuna anayetembea kwa mstari ulionyooka. Kuna milima, Bonde la Ufa, nyika na wanyama. Hawakuwa na nauli, na lugha za njiani hazikuwa zao. Walifika.

Hapo ndipo nataka usimame kidogo. Mtu hawezi kutembea safari kama hiyo bila kupewa maji na mtu. Lazima kuna mlango uliofunguliwa usiku, na mtu aliyewaona akanyamaza. Majina yao hayako kwenye faili la mkoloni, lakini bila hao hakuna safari. Na wa kwanza kabisa, ukifikiria, lazima walikuwa watu wa upande huu wetu.

Alipofika nyumbani moto ukawaka upya. Agosti 1914 Waingereza walilipua Kaya Fungo kwa baruti, wakamkamata tena, wakampeleka mbali mara ya pili. Wagiriama wakaingia vitani. Mamia waliuawa, maelfu ya nyumba yakachomwa, na baadaye wakatozwa faini nzito. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, Wajerumani waliingia Kisii kwa muda mfupi, na wenyeji wakaivamia boma ile ile.

Mwaka wa 1919 Mekatilili alirudi kwao. Akaishi Kaya Fungo akiongoza baraza la wanawake, na Wanje akiongoza la wanaume. Wagiriama wakaruhusiwa kurudi kaskazini mwa Sabaki. Alifariki katikati ya miaka ya 1920, akazikwa Bungale, Magarini. Sanamu yake iko Malindi.

Sasa kwa nini nakusumbua na mambo ya zaidi ya miaka 100? Kwa sababu Juni 2025 kijana mmoja, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya mambo ya mtandaoni, akapakiwa kwenye gari, akapelekwa Nairobi. Kesho yake alikuwa amekufa mikononi mwa polisi. Babake alimfuata akafika kuambiwa hayo. Jina lake pia unalijua. Ile hesabu ya umbali haijabadilika: mtoe mtu kwao, mpeleke ambapo hakuna anayemjua, halafu fanya unavyotaka.

Dawa yake pia haijabadilika. Mkoloni alitaka Mekatilili asahaulike, na kina mama wa Giriama wakaendelea kumtaja mpaka akarudi. Mtu akichukuliwa mtaani kwenu, uliza amepelekwa kituo gani. Andika jina lake na saa. Mpigie mama yake. Usingoje mtu mwingine afanye.

Na ukipita Kisii siku nyingine, kabla dereva hajawasha gari, mweleze jirani yako kwenye kiti ni nani aliwahi kufungwa hapo, na alitoka namna gani.