Al-Biruni na nambari zisizo na isnadi

Siku hizi kijana wa Kiislamu mjini ana simu inayomwambia yuko wapi na Qibla iko upande gani. Anabonyeza, nambari zinatoka, naye anazipokea kama zilivyo. Ni wachache wanaojiuliza: je, nambari hizi zimehesabiwa kuanzia wapi? Swali hilo lilimshughulisha karibu umri wake wote mwanachuoni wa Kiislamu, Abu Rayhan Al-Biruni. Tunalitaja sana jina lake tunapotaka kujifaharisha kwamba Waislamu walitangulia katika sayansi. Alichokifanya hasa hatukijui.

Alizaliwa Septemba mwaka 973, sawa na mwaka 362 Hijria, katika mji wa Kath huko Khwarizm, ambako leo ni Uzbekistan. Mwalimu wake alikuwa mwanahisabati Abu Nasr Mansur. Akiwa na umri wa miaka 17 hivi alipima kimo cha jua na kupata latitudo ya mji wake, yaani umbali wake kutoka Ikweta.

Latitudo haikumsumbua sana, kwani Ikweta imewekwa na Mwenyezi Mungu (s.w.) kwa mzunguko wa dunia yenyewe. Tatizo lilikuwa longitudo, umbali wa mashariki na magharibi. Huko hakuna mstari wa asili wa kuanzia, ni lazima wanadamu wakubaliane. Mwaka 997 Al-Biruni aliafikiana na mwanachuoni Abul-Wafa, aliyekuwa Baghdad, kwamba kila mmoja aangalie kupatwa kwa mwezi usiku uleule na aandike saa ya mji wake. Tofauti ya saa moja ni nyuzi 15 za longitudo. Hivyo miji miwili iliyo mbalimbali ikapimana kwa kutumia mwezi mmoja.

Wakati huo nchi yake ilikuwa imekwisha ingia vitani. Alikimbia, akahamahama baina ya watawala, akarejea kwao, na mwaka 1017 Sultan Mahmud wa Ghazna akaiteka Khwarizm. Al-Biruni akapelekwa Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Mwaka 1018 alikuwa katika kijiji karibu na Kabul, mwenye dhiki na bila chombo chochote cha kupimia. Hakukaa kulalamika. Alichora tao kwenye ubao wa hesabu, akatundika timazi, akapima jua.

Mwaka 1025 alikamilisha kitabu chake kuhusu kuainisha mahali pa miji, na lengo lake kubwa lilikuwa kupata Qibla sahihi ya Ghazna. Alikusanya nambari za waliomtangulia na kugundua jambo zito. Wengine walihesabu longitudo kuanzia visiwa vya bahari ya magharibi, kama alivyofanya Ptolemy, na wengine kuanzia pwani ya Afrika ya magharibi. Baina ya mianzo hiyo miwili mna nyuzi 10. Kwa mji ulio kwenye latitudo ya Ghazna, nyuzi 10 ni zaidi ya kilomita 900! Aliyechukua nambari ya Makka kwenye kitabu kimoja na ya mji wake kwenye kingine angeelekea pasipo Qibla, hali nambari zote mbili ni sahihi kila moja kwa msingi wake.

Kwa hiyo Al-Biruni akawa hapokei nambari mpaka ajue imetoka kwa nani na imeanzia wapi. Hapa tujiulize: si hivyo hivyo wanavyofanya wanachuoni wetu wa hadithi? Maneno bila isnadi hawayapokei. Nambari ya mahali nayo ina isnadi yake.

Walikuwepo pia waliodhani elimu hii si ya Waislamu. Mmoja alikikataa chombo cha kujulisha nyakati za Swala kwa sababu kilikuwa na majina ya miezi ya Warumi. Al-Biruni alimjibu kwamba Warumi pia wanakula chakula na kutembea sokoni, basi na hayo ayaache. Alifariki Ghazna yapata mwaka 1048, akiwa ameacha jedwali la miji kama 600 na nambari zake.

Je, haya yanatuhusu nini leo? Mwaka 1884 mataifa yalikutana Washington yakachagua mstari wa Greenwich uwe mwanzo wa longitudo. Lakini mambo hayakuishia hapo. Vifaa vya GPS hutumia msingi wa upimaji uitwao WGS 84, wakati ramani nyingi za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zilichorwa kwa msingi wa Arc 1960. Nambari zilezile zikisomwa kwa misingi hiyo miwili hupishana karibu mita 300. Hata uandishi wake una mtego: nyuzi 6 na dakika 50 si sawa na nyuzi 6.50, tofauti yake ni kilomita 37 hivi.

Kwa Qibla ya Dar es Salaam, ambayo ni karibu kaskazini kabisa, mita 300 si kitu. Lakini kwa vijana wa madrasa waliopotea msituni na wanaotuma nambari ili waokolewe, mita 300 ni upande wa pili wa bonde. Na kwa kiwanja cha wakfu, mita 300 ni kiwanja cha mtu mwingine. Anayetembea na ramani ya karatasi akiseti kifaa chake kwenye msingi ulioandikwa pembezoni mwa ramani ile. Anayemtumia mwenzake nambari ataje na msingi wake. Kamati za misikiti nazo zihakikishe msingi huo umeandikwa kwenye hati za viwanja vya wakfu.

Sisi walimu tuna wajibu wa kuwafundisha vijana haya pamoja na fiqhi ya Swala. Kumtaja Al-Biruni jukwaani hakutoshi. Tumfuate kwa kuuliza kila nambari imetoka wapi kabla ya kuiamini.

Wabillahi tawfiq.