Eleanor Gehrig: Mke aliyebeba siri nzito

Katika karamu za arusi hapa kwetu hakosi mnenaji wa kutukumbusha kwamba nyuma ya kila mwanamume aliyefaulu yuko mwanamke. Wageni hupiga makofi, bibi arusi huinamisha kichwa, kisha watu wakaendelea kula. Kauli hiyo hainipendezi hata kidogo. Humweka mwanamke mahali asipoonekana, halafu ikamsifu kwa kutoonekana. Mwalimu atakaye mfano wa kuwapa wanafunzi wake waujadili usemi huo, nampendekezea maisha ya Eleanor Gehrig wa Marekani, mke wa mchezaji besiboli Lou Gehrig.

Besiboli haichezwi sana kwetu, lakini yeyote aliyecheza raundasi shuleni anaujua msingi wake: mpira hurushwa, hupigwa kwa gongo, na mpigaji hukimbia kuzunguka vituo. Lou alizaliwa New York mwaka 1903, mwana wa wahamiaji maskini kutoka Ujerumani. Alikuwa mlinzi wa kituo cha kwanza wa timu ya New York Yankees, na mpigaji hodari kupindukia. Kuanzia Juni 1, 1925 hadi Aprili 30, 1939 alicheza mechi 2,130 za ligi mfululizo bila kukosa hata moja. Alicheza akiumwa mgongo, akacheza na vidole vilivyovunjika. Wamarekani wakambandika jina la Farasi wa Chuma.

Eleanor Twitchell hakufanana naye kwa lolote. Alizaliwa Chicago Machi 6, 1904, akakulia katika nyumba yenye fedha mpaka anguko la uchumi la 1929 lilipomfilisi baba yake, naye akalazimika kutafuta kazi ya ukarani. Alipenda karata, mbio za farasi na maneno ya utani. Lou alikuwa mwenye haya, kijana wa mama. Na mama huyo, Christina, alikuwa na sababu ya kumng'ang'ania: watoto wake wengine wote walikufa wangali wadogo. Mkaza mwana angepokelewaje katika nyumba kama hiyo? Ugomvi ulizidi hata maarusi wakaamua kutoingoja siku iliyopangwa. Asubuhi ya Septemba 29, 1933 walimwita meya wa mji wa New Rochelle, akawafungisha ndoa katika nyumba yao mpya, mafundi waliokuwa wakiitengeneza wakiwa ndio mashahidi. Alasiri hiyo hiyo bwana arusi alikuwa uwanjani akicheza. Mechi haikukoswa, ndoa au si ndoa.

Wengi wanaosimulia habari za mama huyu humfanya mtulivu wa kuitikia kila neno la mumewe. La hasha! Mei 1938, Lou alipokaribia mechi yake ya 2,000, Eleanor alimshauri akomee 1,999. Aliona kwamba hesabu hiyo pungufu ingekumbukwa zaidi kuliko ile iliyotimia. Lou alikataa, akaenda kucheza. Naona ushauri huo ulikuwa wa busara, nao unatuonyesha mke aliyejua kupinga. Kuunga mkono si kukubali kila jambo.

Mwaka huo nguvu za Lou zilianza kupungua, wala hapakuwa na aliyejua sababu. Alianguka mahali palipo sawa, na mipira aliyoipiga vyema haikufika mbali. Mei 2, 1939, mjini Detroit, yeye mwenyewe alimwomba meneja wake, Joe McCarthy, amtoe kikosini. Mwezi uliofuata alikwenda katika hospitali ya Mayo, jimbo la Minnesota, akapimwa kwa siku kadhaa. Jibu lilitolewa Juni 19, siku aliyotimiza miaka 36. Ulikuwa ugonjwa unaoua neva zinazoamrisha misuli. Mikono hulegea, miguu hulegea, hatimaye kumeza na kupumua hushindikana, ilhali akili hubaki timamu ikiyashuhudia yote. Haukuwa na tiba wakati ule, wala hauna hadi leo. Wamarekani wengi huuita ugonjwa wa Lou Gehrig.

Hapa ndipo kisa kinaponinyima usingizi. Eleanor alijua kwamba mumewe hakuwa na miaka mingi ya kuishi, na aliwaomba madaktari wasimfunulie ukali wa hali yake. Lou akaachiwa tumaini kwamba huenda ugonjwa ungesimama asalie na fimbo. Waandishi wa maisha yake wanabishana iwapo alidanganyika kweli, au aliujua ukweli akanyamaza ili naye amkinge mkewe. Jamaa ngapi hapa kwetu zimewahi kuitwa kando na daktari, zikatoka chumbani zikitabasamu mbele ya mgonjwa? Mimi naamini mwenye mwili ana haki ya kuambiwa habari za mwili wake. Hata hivyo, siwezi kumtupia Eleanor jiwe. Aliyeficha hakuficha ili apate nafuu yeye. Alijitwika mzigo wa watu wawili akautembeza peke yake kwa karibu miaka miwili.

Julai 4, 1939 watu zaidi ya 60,000 walijaa Yankee Stadium kumuaga Lou. Hotuba yake fupi ya shukrani siku hiyo inajulikana hata na wasiojua gongo la besiboli. Aliwataja wazazi wake na wenzake, akamtaja na mkewe, akamsifu kwa ushujaa wake. Sijui ni wangapi kati ya waliomshangilia walioelewa uzito wa sifa hiyo.

Baadaye meya wa New York, Fiorello La Guardia, alimteua Lou katika halmashauri iliyoamua ni wafungwa gani waachiliwe kwa masharti kabla ya kumaliza vifungo vyao. Kwa kuwa kazi hiyo ilimtaka mtu akae ndani ya jiji, walihamia Riverdale. Lou alianza kazi Januari 1940. Eleanor ndiye aliyeendesha gari kumpeleka ofisini. Vidole vilipokataa kushika kalamu, Eleanor aliushika mkono wa mumewe akauongoza mpaka sahihi ikatimia. Mkono uleule uliokuwa umepiga mipira ikavuka kuta za viwanja! Nyumbani aliwaalika marafiki waje wacheke na kuimba, ili mgonjwa asizingirwe na nyuso za matanga. Lou alifariki Juni 2, 1941, akiwa na umri wa miaka 37. Mazishini hapakuwa na hotuba.

Hawakujaliwa mtoto. Eleanor alikuwa na miaka 37 vilevile, na hakuolewa tena. Mvutano na wakwe zake haukwisha kaburini, kwani mwaka 1943 habari ya fedha za bima ilifikishwa mahakamani kabla ya kusuluhishwa. Hilo nalitaja kwa kuwa wasimulizi wengi hulipita haraka, kana kwamba mjane wa shujaa hapaswi kuwa na mambo ya fedha. Mwaka 1942 ilitolewa filamu juu ya maisha ya Lou, The Pride of the Yankees. Mwaka 1946 Eleanor akawa mmoja wa maafisa wa ligi mpya ya kandanda ya Kimarekani, kazi ambayo wanawake wa siku zile hawakuizoea. Alisaidia pia kuchangisha fedha za utafiti wa magonjwa ya misuli, na mwaka 1976 akatoa kitabu cha kumbukumbu za ndoa yao, My Luke and I.

Ndoa hiyo haikutimiza hata miaka minane. Ujane wake ulidumu karibu 43. Eleanor alifariki Machi 6, 1984, siku aliyotimiza miaka 80, na hadi siku hiyo hapakuwa na mchezaji aliyeifikia hesabu ya mechi 2,130. Ilivunjwa Septemba 1995 na Cal Ripken wa Baltimore.