Mzee Darwin na Mjukuu Wake

Jina la Charles Darwin halitajwi sana makanisani kwa upole. Wengi wetu tulilisikia shuleni katika somo la viumbe, na wengine wamelisikia mimbarani kana kwamba ni jina la adui. Ubishi huo una mahali pake, na wenye elimu ya kutosha wauendeleze. Hapa tunataka kumtazama mtu huyu nyumbani kwake, katika miaka mitano na nusu ya mwisho wa maisha yake, alipokuwa babu.

Habari zake za awali tuzipite upesi, maana zajulikana. Alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika mji wa Shrewsbury, Uingereza, akabatizwa katika Kanisa la Anglikana mwaka huohuo. Baba yake, aliyekuwa tabibu, alimpeleka Cambridge mwaka 1828 ili asome na hatimaye awe kasisi. Badala yake alipanda meli iitwayo Beagle mwaka 1831, akazunguka dunia karibu miaka mitano. Mwaka 1839 alimwoa Emma Wedgwood, binti wa mjomba wake. Mwaka 1842 wakahamia kijiji cha Downe, kusini-mashariki ya London, wakakaa huko mpaka kifo kilipowatenga. Kitabu chake kilichozua kelele duniani kilitoka mwaka 1859.

Ila kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui, nalo lina uzito kwetu sisi ambao tumelelewa na mababu na mabibi. Darwin hakupata kumwona hata babu mmoja. Babu mzaa mama, Josiah Wedgwood, yule mfinyanzi mashuhuri, alifariki mwaka 1795. Babu mzaa baba, Erasmus Darwin, naye alifariki mwaka 1802, miaka saba kabla mjukuu hajazaliwa. Tena mama yake alikufa mwaka 1817, Charles akiwa na umri wa miaka minane tu, na katika uzee wake alikiri kwamba hakumkumbuka mama huyo ila kidogo sana.

Basi katika kiangazi cha mwaka 1876, akiwa na umri wa miaka 67, alikaa akaandika habari za maisha yake. Hakuziandika kwa ajili ya ulimwengu. Aliziandika kwa ajili ya watoto wake na watoto wa watoto wake, naye akaeleza kwamba yeye mwenyewe angefurahi mno kama angalikuta maandishi, hata yawe mafupi na makavu, ambamo babu yake amejieleza. Wakati anaandika hayo hakuwa na mjukuu hata mmoja. Lakini mmoja alikuwa njiani. Francis, mwanawe, aliyekuwa akimsaidia kazi zake za mimea, alikuwa ameoa msichana wa Wales jina lake Amy Ruck, nao walikuwa wakikaa palepale kijijini.

Alimaliza kuandika mwanzoni mwa Agosti. Tarehe 7 Septemba Amy akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Bernard. Siku nne baadaye Amy alishikwa na degedege akafa. Siku hiyohiyo mzee alimwandikia rafiki yake Joseph Hooker kumpa habari za msiba, na barua hiyo ni ya mtu aliyevunjika moyo kwa ajili ya mwanawe. Amy alirudishwa kwao Wales, akazikwa huko. Francis akafunga nyumba yake, akarudi kwa wazazi akiwa mjane, na kitoto chake mikononi mwa yaya.

Bibi Emma alikuwa na miaka 68. Alikuwa amezaa watoto kumi na kuzika watatu. Mary alikufa mwaka 1842 akiwa na majuma matatu tu. Annie, ambaye baba yake alimpenda kupita kiasi, alikufa mwaka 1851 akiwa na miaka kumi, na jeraha hilo halikupona kamwe. Wa mwisho, Charles Waring, alikufa kwa homa mwaka 1858, akiwa na mwaka mmoja na nusu, kabla hajajua kutembea wala kusema. Tangu siku hiyo hapakuwa tena na mtoto mchanga katika nyumba ile. Miaka kumi na minane ilikuwa imepita. Sasa kitanda cha mtoto kikarudishwa, na bibi akaanza ulezi upya katika umri ambao wengine huketi barazani na kuombwa ushauri. Kwetu hili si jambo geni. Mtoto aliyefiwa na mama huenda kwa bibi, na hakuna anayeuliza kwa nini. Lakini ugeni si kipimo cha uzito, na kila bibi aliyeamka usiku kwa ajili ya mtoto wa mwanawe anajua uzito huo.

Na babu je? Watu wa nyumbani waliona upesi kwamba amevutwa na mtoto. Bernard alikuwa mtoto mtulivu, uso mzito, haendi na mchezo wa kila mtu, hata bibi yake akamlinganisha na yule kiongozi mkuu wa dini wa Tibet, kwa jinsi alivyokuwa na heshima zake.

Ni vema msomaji ajue siku ya mzee huyu ilivyokuwa, ndipo ataona thamani ya nafasi aliyopewa mtoto. Darwin alikuwa mgonjwa kwa muda wa miaka arobaini hivi, tumbo likimsumbua na nguvu zikimwishia, hata mazungumzo ya nusu saa na mgeni yaliweza kumharibia usiku mzima. Kwa hiyo alizigawa saa zake kama mtu agawaye maji wakati wa ukame. Alikula asubuhi mapema peke yake. Kuanzia saa mbili hadi saa tatu na nusu alifanya kazi, na hizo ndizo saa zake njema. Kisha alilala kochini kusomewa barua na hadithi. Akarudi kazini mpaka karibu na adhuhuri, ndipo akaenda kutembea katika njia ya mchanga iliyozunguka kijitu cha miti alichokipanda mwenyewe. Baada ya chakula cha mchana akasoma gazeti na kuandika barua. Usiku yeye na Emma walicheza michezo miwili ya kete na dadu, kila usiku, mwaka hata mwaka, naye aliweka hesabu: mapema mwaka 1876 alimwarifu rafiki yake mmoja wa Marekani kwamba mkewe ameshinda mara 2,490, na yeye mara 2,795. Alijivuna kwa ushindi huo kuliko alivyojivuna kwa vitabu vyake.

Watoto wake walipokuwa wadogo walizijua saa hizo za kazi na waliziheshimu, kwa kadiri mtoto anavyoweza. Mmoja wao, mwenye miaka kama minne, alimpelekea baba yake sumuni nzima ili aache kazi aje kucheza. Wengine waliingia chumbani mwake kila mara kutafuta kamba, mkasi au rula, naye aliwavumilia. Baadhi ya karatasi za mswada wa kitabu chake kikubwa zimebaki hadi leo kwa sababu watoto walichora picha nyuma yake. Yasemwa pia kwamba siku moja alimkuta mwanawe Leonard akirukaruka juu ya kochi, jambo lililokatazwa, na alipomwambia kwamba hapendi kuona hivyo, mtoto akamshauri baba atoke chumbani. Sijui ni wazee wangapi wa kwetu wangalicheka. Yeye alicheka.

Basi mtu aliyelea hivyo alipompata mjukuu hakuhitaji kufundishwa. Bernard alipoweza kuketi mezani, aliwekwa kwenye chakula cha mchana akitazamana na babu yake. Francis ameandika kwamba baba yake alifurahi sana kuuona uso ule mdogo upande wa pili wa meza. Wawili hao walikuwa na desturi yao: walilinganisha vitu wanavyovipenda. Mmoja akitaja sukari ya kahawia kuwa ni bora kuliko nyeupe, mwingine naye akakubali. Na kila mara hitimisho la baraza hilo lilikuwa kwamba wao wawili hawapingani katika neno lolote. Fikiri, mtu ambaye nusu ya ulimwengu ilikuwa ikipingana naye!

Habari ya sukari ilikuwa na mizizi. Mzee alipenda vitu vitamu mno, na matabibu walimkataza. Aliweka nadhiri mara nyingi ya kuviacha, lakini alikuwa na sheria yake kwamba nadhiri isiyotamkwa kwa sauti haimfungi mtu. Na mwaka 1877, Bernard akiwa bado hajatimiza mwaka mmoja, mzee alitoa katika jarida moja la wataalamu makala juu ya mtoto mchanga, akitumia daftari aliloandika miaka 37 nyuma kwa kumchunguza kifungua mimba wake, William. Ndani yake ameeleza alivyomkuta mtoto huyo, miaka miwili na miezi saba, akitoka chumba cha chakula macho yaking'aa isivyo kawaida, kumbe ameiba sukari. Na majuma mawili baadaye akatoka tena chumba kilekile ameikunja nguo yake ya kifuani kwa uangalifu, na ilipokunjuliwa ikaonekana madoa ya achari. Mtoto hakuwa amepigwa hata siku moja, na baba yake akaona kwamba aibu ile haikutoka katika hofu ya fimbo. Naona makala hiyo ndogo inasomeka vizuri kuliko vitabu vyake vizito, na mzazi yeyote ataikubali.

Katika viangazi vya mwaka 1878 na 1879 Francis alikwenda Ujerumani, mji wa Würzburg, kujifunza kwa mtaalamu wa mimea, Julius Sachs. Mtoto alibaki Downe. Mzee alimwandikia mwanawe mara kwa mara, na barua hizo ni mchanganyiko wa ajabu: habari za miche inavyogeuka usiku na mchana, halafu habari za Bernard, kisha miche tena. Baba aliye mbali alipewa vyote viwili, kwa kuwa babu alijua ni kipi kinachongojewa zaidi.

Mwaka huohuo wa 1879, mtoto akiwa katika umri wa kukimbia kila mahali, Darwin alitoa kitabu kidogo juu ya maisha ya Erasmus Darwin, yule babu ambaye hakupata kumwona. Alikusanya barua na kumbukumbu za ukoo, akajaribu kumjua. Hajasema popote, kwa kadiri nijuavyo, kwamba mtoto aliyekuwa nyumbani ndiye aliyemsukuma. Mimi nadhani msomaji aliyepata kumlea mjukuu hatahitaji kuambiwa.

Nyumba ile haikuwa ya kimya, ijapokuwa bwana wake alikuwa mgonjwa. Mbwa mdogo jina lake Polly alilala katika kikapu karibu na moto wa chumba cha kazi, na mzee alimwekea biskuti juu ya pua, kisha akamhubiria kwa uso mkavu kuhusu tabia njema kabla ya kumruhusu aidake. Katika miaka hiyo mzee alikuwa akiwachunguza nyungunyungu. Aliwaweka katika vyungu vya udongo, akawapulizia filimbi, Francis akawapigia zumari kubwa, Emma akawapigia piano, ili kujua kama wanasikia. Hawakusikia, lakini vyungu vilipowekwa juu ya piano, mtikisiko uliwafanya wakimbilie mashimoni. Kitabu cha nyungunyungu kilitoka Oktoba 1881, kikauzwa upesi kuliko alivyotazamia.

Juu ya imani yake inafaa tuseme kweli. Imani aliyofundishwa utotoni ilimtoka polepole, na hilo lilimhuzunisha mkewe, aliyekuwa mtu wa sala. Hata hivyo alikuwa rafiki wa kasisi wa Downe, John Brodie Innes, kwa muda mrefu, ingawa hawakukubaliana katika mengi. Na kwa miaka mingi alitunza hesabu za chama cha kusaidiana cha wanakijiji, pamoja na mfuko wa mkaa na nguo za maskini. Wanaoshika fedha za parokia wanajua kazi hiyo ilivyo na shukrani chache.

Mwezi Desemba 1881 alizaliwa mjukuu wa pili, mwana wa Horace. Babu hakukaa naye sana. Alifariki nyumbani Downe tarehe 19 Aprili 1882, Emma akiwa kando yake. Jamaa walitaka azikwe kijijini, lakini wakuu wa nchi wakaomba, naye akazikwa Westminster Abbey, London, tarehe 26 Aprili. Polly alikufa siku chache tu baada ya bwana wake, akazikwa chini ya mti wa tufaha. Bernard alikuwa na miaka mitano.

Mwaka 1883 Francis alioa tena, na Bibi Emma akanunua nyumba Cambridge ili wakati wa baridi awe karibu na watoto wake na mjukuu. Kiangazi alirudi Downe. Alifariki mwaka 1896. Bernard alisomea sheria, akaiacha, akawa mwandishi wa habari za gofu katika gazeti la The Times tangu mwaka 1907 hadi 1953, na wenye kuujua mchezo huo wanamhesabu miongoni mwa waandishi wake bora. Mwaka 1955, akikaribia miaka 80, alitoa kitabu cha kumbukumbu za maisha yake, na sehemu yake ya utoto ni ile nyumba ya Downe.